Mabati Yaliyokwenda Mdomoni

Mume wangu hucheka kwa mkono. Ndivyo nilivyomkuta mwaka 1996 alipoletwa kufundisha shule ya msingi huku Madimba, na ndivyo tulivyoishi miaka 26. Neno likimchekesha, mkono wa kulia unapanda wenyewe hadi mdomoni, unakaa hapo mpaka kicheko kipite, ndipo unashuka. Wanafunzi walidhani ni adabu ya watu wa bara. Watoto wetu nao walimwiga. Mpaka leo kitinda mimba wetu akicheka anaziba mdomo, ilhali meno yake ni meupe kama nyama ya dafu.

Kilichokuwa nyuma ya mkono ule nilikijua, ila hatukuwahi kukizungumza. Meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia, mengine yana mistari kama ubao wa mninga, na juu yake kulikuwa na vishimo vidogo kama vya bati lililopigwa msumari. Mwalimu ni Mmeru. Amezaliwa upande wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Mlima ule ni volkano, na maji yanayotoka kwenye miamba yake yanabeba madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita ya maji ya kunywa. Nchini kwetu tulijiruhusu kwa miaka mingi hadi miligramu 4, maana yako maeneo ambayo watu hawakuwa na maji mengine ya kukimbilia. Juu ya hapo kuna magadi, yanayotiwa kwenye makande ili mahindi na maharage yalainike upesi, nayo yana floraidi yake. Mtoto anayelelewa kwa maji na chakula hicho, meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi, huota meno yaliyokwisha kuharibika tangu ndani. Mswaki hauna la kufanya. Si uchafu ule.

Huku pwani hatuyajui hayo. Mtu akiona jino la kahawia anawaza tumbaku, au anawaza uvivu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu shangazi yangu alinivuta pembeni kisimani akaniuliza, "Mwanangu, huyu mumeo hapigi mswaki?" Nilicheka, nikabeba ndoo yangu, nikaondoka. Jibu nilikuwa nalo, sikulitoa. Mpaka leo linaniuma.

Mwishoni mwa mwaka 2022 binti yetu mkubwa aliletewa habari ya posa. Kijana alikuwa fundi kwenye mtambo wa gesi hapa kijijini. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, lakini sisi wa Madimba tulianza kuona vijana wa kila mkoa ulipojengwa mtambo huu wa kuisafisha, uliozinduliwa mwaka 2015, bomba likaelekea Dar es Salaam. Mmoja wa vijana hao ndiye aliyeubeba moyo wa binti yetu. Naye ni Mmeru. Alilelewa Tanga na shangazi yake tangu akiwa na mwaka mmoja, na meno yake hayana hata doa moja, kwa hiyo mimi sikuwaza lolote.

Mwalimu aliwaza. Siku mshenga alipotuambia kwamba wazee watasafiri kutoka Meru kuja kutoa mahari Januari, Mwalimu alisema tu, "Wakwe wanatoka nyumbani," kisha akakaa kimya mpaka taa ikazimwa. Kesho yake asubuhi akaniuliza, "Mama watoto, fedha ya korosho imeshaingia?"

Ilikuwa imeingia. Tulipeleka magunia yetu kwenye chama cha msingi kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, mnada ukapita, benki ikalipa. Fedha ile ilikuwa na jina lake tayari. Ilikuwa ya mabati. Chumba chetu na jiko vilikuwa bado vya makuti, na makuti yenyewe yalikuwa yamechoka. Kila masika tunapanga mabeseni sakafuni tunapojua patavuja.

"Nataka kutengeneza meno," akasema.

Hapo ndipo ningemuuliza kwa nini, baada ya miaka yote hii, na kwa nini sasa. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshaiona picha ya siku ya mahari kichwani mwangu, baba wa binti amesimama katikati ya wageni, mkono umeshuka, anacheka. Niliitaka picha ile kuliko mabati. Nikamwambia, "Tengeneza."

Tulipanda basi Mtwara mjini alfajiri, tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, na jioni tukafika kwa mdogo wangu Mbagala. Kliniki tuliyokwenda sitaitaja, maana haina kosa katika haya. Daktari alikuwa dada wa umri wa binti yetu. Alimwita mume wangu "Mzee", akamfungua mdomo, akatazama kwa muda mrefu, akasema bila kuuliza, "Mzee, wewe umekulia Arusha au Singida?"

Nilimwona Mwalimu akishusha pumzi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kulitazama doa lile akataja mkoa badala ya uchafu.

Daktari alieleza njia zote. Madoa mepesi yanaweza kung'arishwa kwa dawa, au jino likasuguliwa juu juu kwa asidi na unga laini. Meno yenye vishimo yanaweza kuzibwa kwa ujazo wa rangi ya jino. Meno kama ya Mwalimu, yenye doa lililozama na vishimo pia, hufunikwa kwa vinia, yaani vigamba vya kauri vyenye unene wa nusu milimita hivi, vinavyobandikwa usoni mwa jino kama ukucha ulivyokaa kwenye kidole. Ili kigamba kikae bila kuvimbisha mdomo, jino lazima lipunguzwe kwanza.

"Na nikishalipunguza, Mzee, halioti tena," akasema. "Hili tabaka la nje mwili hautengenezi mara ya pili. Kuanzia siku hiyo utavaa vigamba maisha yako yote. Vikichakaa, tunabadilisha."

"Endelea, daktari."

"Vya kauri vinatengenezwa maabara, vinachukua wiki mbili. Nitakuwekea vya muda."

"Wageni wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo."

"Basi tungoje wageni waende kwanza, tufanye kwa utulivu."

Mwalimu akakataa. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na mkoba wangu magotini, na nilikataa pamoja naye kwa kunyamaza. Daktari akatoa kibao chenye meno ya mfano yaliyopangwa kutoka meupe hadi ya manjano. Mwalimu akagusa la kwanza kabisa, jeupe kama chokaa. Akachomwa sindano ya ganzi, na meno manane ya juu yakachongwa. Chumba kilinuka jino lililosagwa, harufu kama ya kwato iliyoungua. Alipomaliza, daktari alichukua umbo la mdomo, kisha akamvalisha vigamba vya muda vya plastiki, vilivyoshikana kama ukanda mmoja na kubandikwa kwa gundi kidogo tu ili baadaye vitoke kwa urahisi. Akatuhesabia kwa vidole: asing'ate kwa meno ya mbele, mua usiguswe, mifupa isiguswe, karanga zisiguswe, chakula kikatwe kwa kisu kiliwe kwa magego, na baada ya wiki mbili tusikose kurudi.

Tuliporudi Madimba, mtu wa kwanza kumkagua alikuwa mama yangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi. Bibi ni Mmakonde wa Mueda. Vita vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964 alivuka Ruvuma kwa mtumbwi akiwa msichana, na hakurudi tena kukaa. Usoni ana nembo zilizochanjwa na kutiwa masizi, mistari inayoshuka mashavuni kama ncha za mishale. Mdomo wake wa juu una kovu la mahali palipokuwa na ndonya. Na meno yake ya mbele, yale yaliyobaki, yamechongwa yakawa na ncha.

Macho yake yamefifia siku hizi. Alimshika Mwalimu kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole juu ya vile vigamba kimoja baada ya kingine kana kwamba anahesabu punje za mahindi.

"Nani kakuchonga?"

"Daktari, Mama."

"Ulilia?"

"Kuna sindano ya ganzi, Mama."

Bibi alitikisa kichwa. Akatuambia jambo ambalo mimi mwanawe wa kumzaa sikuwahi kulisikia. Siku yake yeye, alilazwa kichwa mapajani mwa shangazi, akapewa kijiti cha kung'ata kwa magego, na fundi akalimega jino kipande kidogo kidogo kwa tindo na kinyundo. Hakulia, kwa sababu wenzake walikuwa wamekaa wanamtazama. Kwa wiki nzima alikunywa uji wa vuguvugu, na hata upepo ukimpita kinywani aliusikia.

"Sisi tulichonga ili mtu akituona ajue tumetoka wapi," akasema. "Wewe umechonga ili asijue."

Hakusema kwa ukali. Aliachia kidevu, akaomba ugoro wake. Mwalimu alitabasamu kwa heshima ya mkwe, na nikauona mkono wa kulia ukipanda, ukaziba meno mapya kabisa.

Jumamosi wageni walifika saa nne asubuhi, watu 12 ndani ya Coaster iliyowatoa Mtwara mjini. Wa kwanza kushuka alikuwa baba mkubwa wa kijana, mzee mrefu mwenye koti zito la milimani katikati ya joto la Januari. Aliona minazi, akaona mchanga ulivyommeza kiatu, akacheka kwa sauti, kichwa amekitupa nyuma. Meno yake yalikuwa ya kahawia, yameiva kuliko ya Mwalimu. Akafuata shangazi wa kijana, amejifunga kitenge kizuri, anacheka, kahawia. Kijana wa kubeba mizigo, kahawia. Mama wa kijana mwenyewe, mwanamke mzuri wa kumtazama, aliponikumbatia akanipa tabasamu pana ambalo nusu ya meno yake yalikuwa na mistari ile ile ya mninga. Hapakuwa na hata mmoja aliyeziba mdomo.

Nikamtafuta Mwalimu kwa macho. Alikuwa amesimama chini ya mkorosho katika suti yake ya sherehe, meno yanang'aa kama sahani mpya, na mkono uko juu.

Mahari ilizungumzwa vizuri, ikapokewa vizuri. Tukaandaa chakula: pilau, samaki wa kupaka, kisamvu cha nazi, ming'oko ya kuchemsha na pilipili yake, na kaa wakubwa wa mikokoni kutoka mdomo wa Ruvuma. Wageni walikula vyote, ila mbele ya kaa walisimama. Wakamtazama Mwalimu. Huyu ni mtoto wao aliyegeuka mtu wa pwani, basi awaonyeshe njia. Na mimi ndiye niliyemfundisha kula kaa, mwaka ule wa kwanza, ndiye niliyemfundisha kulibana gando kwa meno ya mbele na kulivuta kwa mkono mpaka nyama itoke nzima. Ni jambo alilojivunia siku zote. Niliona linakuja, nikainua mkono kutoka ng'ambo ya mkeka, lakini gando lilikuwa limeshafika.

Lililia kama kijiti kikavu. Kipande cheupe kikaruka, kikagonga ukingo wa sinia, kikatua juu ya pilau mbele ya yule mzee mwenye koti. Mzee akakiokota kwa vidole viwili.

"Hili ni gamba la kaa?" akauliza kwa dhati. Kisha akainua macho, akaona pengo katika ule ukanda mweupe, na ndani ya pengo meno matatu yaliyochongwa, madogo, rangi yake ya zamani bado imo. Akayatazama muda. Sauti yake ikashuka.

"Kumbe na wewe ulikunywa maji yale."

Akakifuta kipande kwa leso, akamrudishia Mwalimu mkononi kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha thamani. Mwalimu akashukuru, akainuka, akaenda ndani. Hakutoka tena siku ile. Nilisema ana homa.

Usiku ukanyesha. Wageni walilala upande wa nyumba wenye bati. Upande wetu nilipanga mabeseni, nikajilaza nikisikiliza matone. Picha za ukoo zilikuwa zipigwe asubuhi kabla Coaster haijarudi. Kumbe wakati mimi nasinzia, Mwalimu yuko jikoni na tochi, kioo cha kunyolea, na kile kichupa kidogo cha supagluu anachogundishia viatu vya watoto na redio ya shule.

Niliamshwa kwa kuguswa bega. Alisimama juu yangu, haongei, anaashiria mdomo. Niliinua taa. Mdomo wake wa juu ulikuwa umekunjika kwenda juu, umegandana na jino na fizi, na kile kipande kimekaa upande kama mlango uliong'oka bawaba. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Gundi ile ikikutana na unyevu hushika mara moja, tena hutoa joto, na mahali alipoitia palikuwa na jino lisilo na ganda lake la kutosha.

Nilitaka kuvuta. Bibi, aliyekuwa ameshaamka, akanishika kiwiko. "Usivute. Nyama haivutwi, inaombwa."

Nikateka maji ya mvua kwenye beseni, nikayapasha yakawa vuguvugu. Nikachukua mafuta ya nazi na ncha ya khanga laini. Mwalimu akaketi kwenye kigoda, Bibi akashika taa, nami nikapiga magoti mbele yake nikaanza: tone la maji, tone la mafuta, ncha ya khanga ikipita kwenye mshono wa mdomo, polepole, kisha tena. Matone ya paa yalikuwa yanadondoka kwenye mabeseni pembeni yetu. Ilichukua karibu saa nzima.

Katika saa ile hakuweza kusema, na hakuweza kuziba. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika mkono wangu. Ndipo kwa mara ya kwanza, baada ya kuzaa naye watoto wanne, nikaangalia mdomo wa mume wangu. Niliyaona meno ya chini ambayo hayajaguswa. Rangi yake haikuwa moja. Karibu na fizi ilikuwa kama asali, katikati ikakolea, kwenye ncha ikarudi kuwa nyeupe ya maziwa. Hayakuwa na ukoga. Yalikuwa meno ya mtu aliyepiga mswaki mara tatu kila siku ya maisha yake.

Mdomo ulipoachia, neno lake la kwanza halikuwa la maumivu. Alisema, "Chuoni kulikuwa na mkufunzi. Siku ya kwanza nilisimama kujitambulisha, akaniambia niende kwanza nikasukutue, ndipo nije kuongea na watu. Darasa zima likacheka. Nilikwenda bombani, nikasukutua, nikarudi, nikajitambulisha. Nilikuwa nimeziba mdomo."

Nami nikamwambia habari ya shangazi na kisima, na jibu nililolibeba pamoja na ndoo. Nikamwomba radhi. Bibi akazima taa ili kuokoa mafuta, tukakaa gizani tukisikiliza mvua.

Asubuhi alitoka bila kile kipande. Mdomo umevimba, meno ya upande mmoja chokaa, ya upande mwingine kahawia. Yule mzee wa koti alimvuta kando yake, akamshika bega, na picha ikapigwa. Ndiyo iliyo ukutani kwetu sasa.

Jumatatu tulikuwa Mtwara mjini, kwa daktari wa meno, ambaye alikwangua mabaki ya gundi na kutuonya tusirudie: jino lililopunguzwa liko karibu na uhai wake, moto na kemikali vinaweza kuliua, na gundi ya viatu inafungia uchafu kwenye fizi. Kisha Dar es Salaam. Fizi zilikuwa zimevimba na lile umbo la awali halikufaa tena, hivyo vigamba vilivyokuwa tayari havikukaa. Ilibidi kungoja fizi zipone, kuchukua umbo upya, na kulipa maabara mara ya pili. Mabati yaliyobaki nayo yakaenda mdomoni.

Lakini kungoja kule kulitupa jambo moja. Daktari alitoa tena kile kibao cha rangi. Safari hii Mwalimu alikitazama kwa utulivu, akapita jeupe, akapita la pili, akasimama kwenye moja lenye rangi ya tui zito la nazi. "Hili," akasema, "litakaa vizuri na ya chini." Ya chini alikataa yasiguswe.

Siku ya kubandika niliomba kukaa karibu. Baada ya usiku ule wa supagluu nilitaka kujua gundi inayofaa ni ipi, na nikajifunza kwamba habari yote ya vinia ni habari ya gundi. Mwishoni mwa miaka ya 1920, daktari wa meno wa Hollywood aitwaye Charles Pincus aliwatengenezea waigizaji vigamba vya kuvaa mbele ya kamera tu. Gundi yake ilishika kwa muda mfupi, filamu ikiisha wanavua. Mwaka 1955 Michael Buonocore, naye wa Marekani, alionyesha kwamba jino likipakwa asidi kwa muda mfupi uso wake hupata vijitundu visivyoonekana kwa jicho, na gundi ikiingia humo haitoki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wakapata namna ya kuikwaruza kauri yenyewe kwa asidi nyingine, ndipo kigamba kikaweza kudumu miaka.

Daktari alilipaka kila jino asidi, akasema meno yaliyolelewa kwenye floraidi ni sugu kwa asidi, hivyo anaisubirisha zaidi. Kuhusu ile asidi ya kukwaruza kauri, alituambia imetokana na florini. Mwalimu, mdomo wazi, akageuza macho kunitazama. Tulielewana. Kile kile kilichomharibia meno utotoni ndicho kilichotumika kuishikisha kauri. Daktari akaweka gundi, akakaza kigamba kwa kidole, akaleta taa ya buluu, na kila jino likapata mwanga wake. Meno manane. Hakuna aliyeharakisha.

Harusi ilikuwa Juni. Watu wa kwetu hutaka kumpa binti kitanda, kabati, na vyombo vya kutosha kufungua duka. Mwalimu aliita ukoo mapema akaomba michango yote ielekezwe kwenye kitu kimoja: simtanki la lita 5,000 na mifereji ya bati kwa ajili ya nyumba watakayohamia Usa River, upande wa Meru. Wajomba walinuna. Nani anatoa tangi la maji harusini?

Akasimama ukumbini akawajibu. Alisema, "Mimi meno yangu yaliharibiwa na maji nilipokuwa mtoto mdogo. Mama yangu alinipa maji aliyokuwa nayo, hakuwa na mengine, wala hakujua. Jino la mbele la ukubwani linajijengea ndani ya fizi mtoto akiwa bado ananyonya, likitoka limeshachelewa kuokolewa. Mvua haina floraidi hiyo. Wajukuu wangu nawaomba wanywe mvua." Pale Ngurdoto, karibu na kwao, serikali ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, hutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hayo pia aliyaeleza, kwa urefu, kama yuko ubaoni. Wakwe wa Meru waliitikia kwa vichwa. Mama wa kijana alilia.

Chumba chetu bado ni cha makuti. Msimu ujao wa korosho, tukijaliwa, tutaezeka, na mvua zikija kabla ya hapo nitapanga mabeseni kama kawaida. Siyachukii tena.

Binti yetu alijifungua mwaka uliofuata, mtoto wa kike. Kila Jumapili anapiga simu, anatuambia mtoto ameanza kukaa, ameanza kutambaa, ameota jino. Bibi huuliza kama anafanana na watu wa Mueda. Mimi huuliza kama analala usiku. Mwalimu swali lake ni moja.

"Uji wa mtoto umepikwa kwa maji gani?"

"Ya tangi, Baba. Ya tangi tu."

Anacheka, kichwa nyuma, meno ya juu rangi ya tui, ya chini rangi ya asali. Simu ameishika kwa mkono wa kulia.